Mshahara Umeungua

4 Februari

Wifi yangu,

Salamu zitangulie, ila leo usizitegemee sana, maana nimekasirika.

Mdogo wangu, huyo mumeo, alikuja kunijulia hali Jumamosi iliyopita. Nikampakulia chakula. Alivyokula, wifi, nilidhani ametoka kifungoni. Nikamuuliza kulikoni, akacheka, akasema, "Dada, nyumbani kwangu mshahara umeungua." Moyo ukanipasuka. Nikajua kile kiwanda chao cha uchapaji kimeteketea. Kumbe wapi! Kumbe ni wewe!

Ananieleza kwamba kila baada ya miezi mitatu hivi, siku usiyoitaja kwa mtu, unagonga sufuria kwa mwiko na kupiga kelele kwamba mshahara umeungua. Kuanzia hapo nyumba nzima inaishi juma zima kama watu wasio na kitu. Hela yake ipo, ameileta kwa mikono yake mwenyewe, lakini haiguswi. Anakwenda kazini kwa miguu. Chakula cha mchana kabebeshwa maharage kwenye kopo la rangi. Kopo la rangi, wifi! Mtu anayeendesha mtambo mkubwa kuliko yote pale kiwandani, miaka kumi na mitano sasa!

Mimi ni mkunga mstaafu, sitishwi na mambo madogo. Lakini mama yetu alipofariki, huyo nilimlea mimi. Sikumlea ili aje achezeshwe mchezo wa njaa wakati chakula kipo. Mtu anayefanya hivyo ana jina lake, anaitwa mkono wa birika, na sipendi kulitumia kwa wifi yangu. Nijibu.

Wako,
Wifi Mkubwa


19 Februari

Wifi Mkubwa, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nimesimama, ya pili nimekaa, maana pale kwenye kopo la rangi miguu iliishiwa nguvu kwa kucheka. Kopo ni jipya, wifi. Halijaonja rangi tangu lizaliwe. Nilipewa na mwenye duka.

Sasa nisikilize, halafu ukitaka kuniita birika, niite.

Unajua nafua mashuka ya hoteli, huu mwaka wa kumi na mmoja. Pale kazini huja mzee mmoja wa zimamoto, shavu lake moja limekunjamana kwa kuungua. Haji kwa ratiba. Unashtukia tu kabonyeza kengele, na sote tunatoka mbio, mapovu mikononi. Mara ya kwanza tulikanyagana mlangoni. Mpishi mkuu alikimbia na kuku mbichi, na mpaka leo hajui kwa nini. Mwaka wa tatu tulikuwa tunatoka kwa dakika mbili, kila mtu na mlango wake, hakuna anayepiga mayowe.

Siku moja mwaka huo nilirudi nyumbani nikawatazama watu wangu mezani. Tunakula vizuri, tunacheka. Nikajiuliza, mshahara wa Baba Watoto ukikatika kesho, sisi tutatoka kwa mlango gani? Nikaona kabisa tutakanyagana.

Basi nikaanzisha zoezi. Likianza, tunaishi kwa ujira wangu wa kufua peke yake. Kila mtu ana kazi yake. Kifungua mimba anashika jiko na kupima kila kitu. Wa katikati, yule tunayemwita Mhandisi, anafungua balbu zote anabakiza moja, na anagawa maji. Kitindamimba analinda mlango, mchuuzi akija anaambiwa, "Leo hatununui, pita salama." Usimwone ana miaka minane, wachuuzi wanamwogopa. Na mdogo wako ndiyo hivyo, miguu na kopo. Kinachobaki kwenye mshahara wa juma lile nakitumia kwa mambo ninayoyajua mimi, na mambo hayo yanaingia kwenye sanduku la bati, na sanduku lina kufuli.

Sanduku halifunguliwi wakati wa zoezi hata mtu alie machozi. Litafunguliwa siku moja tu, siku mtu wa nyumba hii atakaposema, "Hili si zoezi." Mtu yeyote, hata Kitindamimba. Lakini aliyeuona moto atangaze mwenyewe, asisemewe. Yule mzee ndivyo alivyotufundisha, maana aliyeuona ndiye anayejua umeanzia wapi.

Karibu uje ujionee. Siku sikutajii.

Wifi yako,
Mama Mashuka


2 Aprili

Mdogo wangu,

Nimefika salama, basi lilikuwa na nafasi, mgongo unauma kidogo. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu mkeo nitamwandikia nikishapata maneno.

Nilipokuja nilijua nimemshtukiza. Siku ya pili, niko sebuleni nakunywa chai yangu na vijiko vyangu vitatu vya sukari, nikasikia sufuria inalia. Mdogo wangu, wewe umezoea. Mimi niliruka. Kabla sijamuuliza mtu, Mhandisi alikuwa juu ya kiti anafungua balbu huku anapiga mluzi. Binti mkubwa kaikunja karatasi ya sokoni, kachukua kopo la kupimia. Kitindamimba kavuta stuli mlangoni, kakaa. Hakuna aliyenuna, hakuna aliyeuliza "kwa nini." Nimezalisha wanawake elfu moja na ushee, nimeona wanaume wenye vifua wakianguka chini kwa habari ndogo tu. Sijapata kuona watoto wakiipokea habari mbaya namna ile.

Na mimi, shangazi yao mtu mzima, nikakimbilia chumbani kuficha sukari kwenye mkoba. Kitindamimba akanifuata. Akasimama, mikono nyuma, akasema, "Shangazi, hilo ni kosa." Nikaitoa. Nimewahi kugombezwa na madaktari wa kila aina, sijawahi kuona aibu ile.

Halafu jioni wakaanza kunionyesha jinsi ya kula taratibu ili chakula kidogo kishibishe, na mkeo akawa ananichekesha mpaka nikasahau kwamba sahani ilikuwa ndogo. Juma zima sikumsikia akiinua sauti. Nilikuja kumkamata, nimeondoka namheshimu.

Lile jina la birika nimelifuta. Mwambie. Na wewe acha kumcheka kwa watu. Mwanamke kama huyo hapatikani dukani.

Dada yako


11 Juni

Dada,

Hii isome peke yako, kisha uichane.

Kiwanda kimefungwa. Tarehe ishirini Mei walituita uani, tajiri akasoma karatasi kwa dakika tano, akaingia garini. Mtambo wangu umeuzwa. Niliwaona mafundi wakiufungua vipande na kuupakia kwenye malori mawili, na mmoja wao akaniuliza mimi ni nani hata nimesimama pale. Nikachukua kopo langu, nikaondoka.

Nyumbani sijasema. Kila asubuhi navaa shati langu la kazi, nabeba kopo, naaga. Naenda uwanja wa mpira, nakaa jukwaa la juu kabisa. Maharage nayala saa nne asubuhi kwa sababu sina kingine cha kufanya. Jioni narudi, watoto wananipokea, "Bwana Wino kafika!" Nami nacheka nao.

Mwisho wa mwezi ukafika, mshahara hakuna. Dada, nilifanya jambo ambalo nikilikumbuka masikio yanawaka. Nilichukua mwiko nikagonga sufuria mwenyewe. Nikapaza sauti, "Mshahara umeungua!" Miaka yote hii sijawahi kuigonga, kazi yangu ilikuwa kulalamika. Watoto walipiga makofi. Mke wangu alinitazama, akatabasamu, akasema, "Hatimaye Bwana Wino ameiva." Kila mtu akaenda kwenye kazi yake. Juma likaisha, nikasema tuongeze, safari hii tujaribu mwezi mzima. Wakakubali! Wananiamini kiasi hicho.

Najua kanuni. Ni maneno matatu tu, na kila nikifungua mdomo yanakwama. Mwanamke amejiandaa miaka yote, mimi nacheka, na zamu yangu ilipofika nimeshindwa hata kupiga kelele. Na hata nikisema, itakuwaje? Sanduku la mfua mashuka lina nini ndani, Dada? Unga kilo chache na sabuni. Haliwezi kutulisha mwaka.

Nimepata mtu anayepeleka watu kwenye machimbo ya mawe, safari ya siku tatu kutoka hapa, mkataba wa miaka miwili. Basi linaondoka Jumamosi tarehe ishirini na nane. Nitamwambia kiwanda kinanihamishia tawi la mbali. Akikuuliza, sema nawe umesikia hivyo. Sijawahi kukuomba jambo zito, naomba hili. Bora nikose kuwaona miaka miwili kuliko kumwangalia machoni nikiwa mikono mitupu.

Mdogo wako


14 Juni

Wifi Mkubwa, shikamoo.

Huku hatujambo. Nina habari ya kukuchekesha. Mdogo wako amegonga sufuria mwenyewe! Ndiyo, yule yule wa kulalamika. Na juma lilipoisha akataka tuendelee mwezi mzima. Kifungua mimba anasema baba amekuwa mwanafunzi bora kuliko wote. Chakula chake anamsukumizia Kitindamimba, anadai ameshiba tangu mchana.

Watoto wako sawa. Viatu vya Mhandisi vimefungua mdomo, anasema vinacheka. Mimi nimezidisha mashuka kidogo. Sanduku liko pale pale juu ya kabati, sijaligusa, maana hakuna aliyesema lile neno. Siku nyingine nalifuta vumbi, naliangalia, nalirudisha.

Nina swali, wifi, la kikunga. Wakati ule ulipokuwa na mzazi ambaye uchungu umemjaa kabisa, unaona kwa macho yako kwamba saa yake imefika, lakini yeye anakataa, anasema hana kitu, ni tumbo tu la kawaida. Ulikuwa unafanya nini? Ulikuwa unavuta, au ulikuwa unangoja?

Nijibu upesi ukiweza. Ni udadisi tu.

Mama Mashuka


19 Juni

Wewe bwana mdogo,

Hii barua nimempa dereva wa basi mkononi ili isichelewe. Ya kwako sijaichana. Nimeiweka pamoja na barua ya mkeo iliyofika juzi, nikazisoma kwa zamu, moja wewe, moja yeye, na nimelia kama mtoto, mimi ambaye sikulia hata siku ya kustaafu.

Kwanza, sitadanganya. Nimedanganya watu wengi kwa ajili yako ulipokuwa mdogo. Nilimwambia mwalimu una homa. Nilimwambia jirani dirisha limevunjwa na upepo. Hili la machimbo silibebi.

Pili, tumia akili. Mkeo ananiuliza mkunga hufanya nini mzazi anapokana uchungu wake. Anasema ni udadisi. Ama mkeo ni mjinga, ama anajua. Na mjinga siye, nimekaa naye juma zima, hata punje ya sukari haikumpita.

Tatu, unalidharau sanduku ambalo hujawahi kuona ndani. Umelala nalo chumba kimoja miaka yote hiyo! Unataka kwenda kuvunja mawe siku tatu mbali na wanao kwa sababu umekisia kuna unga. Nani kakwambia unga? Mwanamke amejenga mlango kwa mikono yake ili mpite siku ya moto, na wewe umesimama mbele yake, umeuziba kwa mgongo wako, watoto wako nyuma yako. Huoni kwamba kadiri unavyoliita zoezi, ndivyo wanavyobanwa bure? Yule mtoto anatembea na kiatu kilichopasuka akidhani ni mchezo!

Nimemjibu hivi: nilikuwa nangoja, nimeshika mkono wa mzazi. Sikuwahi kumsukumia mtu, haiwezekani. Kazi yangu miaka thelathini na nne ilikuwa kukaa pembeni na kusema neno moja. Nakuambia na wewe.

Sukuma.

Dada yako


30 Juni

Dada,

Nakuandikia nikiwa nyumbani. Basi liliondoka.

Barua yako ilinikuta Jumanne. Alhamisi tulikuwa tumekaa mezani, chakula cha jioni, balbu moja, na Kitindamimba akasema, "Baba, tukimaliza zoezi hili tutakuwa mabingwa." Hapo ndipo. Sikupanga. Niliweka kijiko chini nikasema, "Hili si zoezi." Sauti ilitoka ndogo, nikadhani hawakusikia. Nikarudia.

Mhandisi akauliza, "Kweli, au kweli kweli?" Nikasema kweli kweli, na nikawaeleza yote, kiwanda, malori, uwanja wa mpira, mpaka maharage ya saa nne. Begi nililolifunga kwa safari ya machimbo pia nikalisema. Nilikuwa nangoja waanze kulia. Binti mkubwa aliinuka akaja akasimama nyuma ya kiti changu, basi. Kitindamimba akaenda kukaa mlangoni kwenye stuli yake, akiangalia nje, kama kuna mtu anakuja kunidai maelezo apite kwake kwanza.

Mke wangu aliondoka mezani. Aliingia chumbani akarudi na sanduku, akafungua kufuli. Dada, unga haukuwemo hata punje. Ilikuwemo risiti ya kodi ya nyumba, imelipwa miezi sita mbele. Ilikuwemo barua ya msimamizi wake wa dobi, imegongwa muhuri, kwamba siku akihitaji zamu ya pili atapewa. Kulikuwa na ada ya watoto wote ya muhula ujao kwenye bahasha tatu, kila moja na jina. Kulikuwa na hati kutoka kwa karani wa shule ya sekondari, kwamba wana vitabu vya maktaba zaidi ya mia nne vilivyochanika na wanatafuta mtu wa kuvijalidi, na kwamba "yule mume wako akipata nafasi" aje.

Chini kabisa, kwenye kitambaa, zilikuwa zana zangu. Unakumbuka kabla ya mtambo nilikuwa nikijalidi vitabu kwa mkono? Sindano ndefu, mfupa wa kukunjia, ubao wa kubania. Niliziuza alipozaliwa kifungua mimba. Mke wangu alizikuta kwa muuza vyuma chakavu miaka minane iliyopita, akawa anazinunua moja moja, na ilimchukua miaka miwili kuzimaliza. Hakuwahi kunitajia. Mimi nilikuwa nasimulia kwa watu kuhusu kopo la rangi.

Nikamuuliza amejua lini. Akasema, "Tarehe ishirini na moja Mei. Shati lako lilirudi halina wino. Miaka kumi na mitano nafua wino wako, unadhani sitauona usipokuwepo?" Nikauliza kwa nini basi hakusema. Akasema hilo atakuandikia wewe, mimi nile chakula kwanza.

Ijumaa nilikwenda kwa karani. Leo nina vitabu hamsini uani. Mikono imesahau kidogo, ila inakumbuka kadiri siku zinavyokwenda. Viatu vya Mhandisi nimevishona mwenyewe kwa sindano ile ile ndefu.

Dada, nimeishi na mtu huyu miaka kumi na minane, na Alhamisi nilikuwa namwangalia kama ninayemwona kwa mara ya kwanza.

Mdogo wako


13 Julai

Wifi Mkubwa, shikamoo.

Asante kwa jibu lako, na asante kwa lile neno moja ulilomwandikia. Alinionyesha barua. Nimecheka, halafu nimeingia jikoni nikalia peke yangu.

Huku mtaani sasa wananisifu. Mama wawili wamekuja na karatasi wanataka niwaandikie kanuni za zoezi. Mdogo wako ndiye mbaya zaidi, kila mteja anayeleta kitabu anasimuliwa sanduku. Wananiita mwenye akili ya hela. Naitikia, lakini wewe nitakuambia kweli, maana hata yeye nimemwambia juzi tu.

Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Nilikuwa na miaka tisa karakana yao ilipofungwa. Hakusema. Alimwambia mama amehamishiwa kituo cha mbali, akachukua begi, akanishika kichwa, akaondoka asubuhi. Tulipata barua mbili. Baada ya hapo kimya. Mama alifua nguo za watu, tukala, tukasoma. Njaa tuliijua, wifi, na njaa haikutuua. Miaka kumi na miwili baadaye ndipo tukasikia kwamba hakuwahi kwenda mbali. Alikuwa mji wa jirani, anapakua magunia, mpaka alipofia huko. Mwenzake wa kazini alisema kila mwaka alikuwa anasema atarudi akipata kitu cha kushika mkononi. Mama angempokea hivyo hivyo. Angempokea hata bila viatu. Hakuna aliyemwambia.

Tangu hapo nilikuwa naogopa kitu kimoja tu, na wala si umaskini. Nilitaka nyumba yangu iuzoee umaskini mapema, iucheke, ijue hata mtoto wa miaka minane anaweza kuusikia ukitangazwa na asitetemeke. Ili siku ukija kweli, mwanamume wangu asione kwamba ameleta aibu ndani, akatafuta pa kuificha.

Kwa hiyo unaweza kuelewa nilivyokuwa Jumanne ile, niliposhika ufagio nikakuta begi chini ya kitanda, limejaa, limefungwa. Nilikaa sakafuni. Nikajiambia, miaka yote hii, sufuria zote zile, na bado anaondoka. Nilikuwa nimeshika ufunguo mkononi. Ningeweza kulifungua sanduku mbele yake siku hiyo hiyo na kumwambia najua, kaa. Angekaa. Lakini angekaa kama mtu aliyekamatwa, na mtu aliyekamatwa huondoka siku nyingine. Nilitaka aseme mwenyewe. Basi nikalirudisha begi lilivyokuwa, nikaenda kufua mashuka ya watu, na siku mbili zile sikupata lepe la usingizi. Ndizo siku ngumu kuliko zote za maisha yangu, wifi, na nilizipitisha nikiimba ili watoto wasijue.

Akasema.

Sasa hivi ninavyoandika ni Jumapili mchana. Yuko uani, gundi mpaka kwenye nyusi, anabishana na Mhandisi kwamba jalada limepinda, mwenzake anasema halijapinda. Kazi ya shule itakwisha mwezi ujao na sijui itafuata ipi. Sanduku limebaki na bahasha chache. Tunaweza kubanwa zaidi ya hapa.

Kifungua mimba ameniuliza atenge sahani ngapi. Nimemwambia tano.

Wifi yako,
Mama Mashuka